Sehemu ya Aliyebaki na Vyombo

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi yaliyotolewa redioni na mmoja wa wachungaji wetu wa Nairobi)

Asubuhi ya leo nina neno hasa kwa wale ambao hawaendi popote. Nasema juu ya mama ambaye mumewe amekwisha kutoka, watoto wakubwa wamekwisha kwenda shule, naye amebaki na mtoto mgongoni, sufuria chafu, na mtungi usio na maji. Nasema pia juu ya baba, maana wako akina baba wa namna hiyo, nami nitawafikia.

Kama una Biblia karibu, fungua kitabu cha Samweli wa Kwanza, mlango wa 30. Sitausoma wote. Nitausimulia kwa maneno yangu, nanyi mtausoma wenyewe jioni pamoja na jamaa zenu.

Daudi alikuwa bado hajatawazwa kuwa mfalme. Aliishi kama mkimbizi katika mji wa Siklagi, yeye na watu wake mia sita na jamaa zao. Siku moja walirudi kutoka safari wakakuta mji umeteketezwa kwa moto, na Waamaleki wamewachukua mateka wake zao na watoto wao. Watu wale wakalia mpaka nguvu za kulia zikawaishia. Ndipo Daudi akamwuliza Mungu shauri, wakaanza kuwafuata adui. Walipofika kwenye kijito cha Besori, watu mia mbili walikuwa wamechoka kabisa, hawakuweza kuvuka. Basi wakabaki hapo na mizigo. Wale mia nne wakaendelea, wakapigana, wakawaokoa watu wao wote, wakarudi na nyara nyingi sana.

Hapo ndipo maneno yalipozuka. Baadhi ya waliokwenda vitani walisema kwamba hawa wa kijitoni hawastahili kitu. Kila mmoja achukue mke wake na watoto wake, aende zake. Daudi akakataa. Aliamua kwamba waliopigana na waliolinda mizigo wagawiwe kwa kipimo kimoja. Tena tunaambiwa kwamba uamuzi ule haukuwa wa siku ile tu, bali aliufanya kuwa sheria katika Israeli.

Tafadhali, msikilizaji, angalia sana alichofanya Daudi. Hakusema, Tuwape hawa kidogo, maskini, wamechoka. Hakuwapa zawadi, wala hakuwapa sadaka. Aliwapa sehemu yao. Zawadi ni hiari ya mwenye mali, anaweza kuitoa leo na kuinyima kesho. Lakini sehemu ni haki ya mtu, wala hana haja ya kupiga magoti ili aipate.

Kuna jambo jingine katika mlango huo ambalo mara nyingi twalipita. Njiani Daudi na watu wake walimkuta kijana wa Misri amelala kondeni, hana nguvu, hajala wala kunywa siku tatu. Alikuwa mtumwa wa Mwamaleki. Aliugua, bwana wake akamwacha pale afe. Basi tunaona mabwana wawili. Bwana wa Kiamaleki ana mtu asiyeweza kutembea, akamtupa. Daudi ana watu mia mbili wasioweza kutembea, akawakabidhi vyombo vyote vya jeshi, na aliporudi akawasalimu kwa amani, kisha akawagawia. Je, nyumba yako inafuata desturi ya bwana yupi?

Sasa tutoke Besori twende Nairobi. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ukisimama karibu na reli pale Kibera, utaona mkondo wa watu wakitoka Laini Saba, Soweto, Gatwekera na Lindi. Wengi hawana nauli. Wanatembea kwa miguu kwenda viwandani, kwenda kwenye majengo yanayojengwa Kilimani, kwenda Langata. Kule Kawangware mkondo kama huo hutoka Gatina, Kabiro na Congo, ukaelekea Lavington na Kileleshwa, wanaume kwenye kazi za mjengo, wanawake kwenye kazi za kufua. Hao ni wale mia nne waliovuka kijito. Twawaombea sana katika makanisa yetu, na ni vyema. Twasema, Bwana, bariki kazi za mikono yao, uwarudishe salama.

Lakini nani anawaombea wale mia mbili? Mkondo ule ukisha kupita, mtaa haubaki mtupu. Ndipo kazi nyingine inapoanza. Maji hayamo ndani ya nyumba, yanauzwa kwa mtungi wa lita 20, na yanapoadimika bei hupanda, foleni ikawa ndefu, na mwenye mtoto mgongoni hupanga foleni na mtoto wake. Nyumba ni chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, kuta za udongo au za mabati. Jiko la makaa liko hapo hapo karibu na kitanda, na mtoto anayejifunza kutambaa yuko hapo hapo karibu na jiko. Anayemlinda mtoto huyo hawezi kufumba macho hata dakika moja. Jirani amelazwa, watoto wake nao wanakula kwako. Mkwe ametoka mashambani kuja hospitalini, amelala kwako. Haya yote hayana saa ya kutoka wala siku ya mshahara.

Na hatari ikija, huja mchana. Tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yalipoingia Kibera kubomoa nyumba ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata, walioitoa mizigo ya jamaa walikuwa wale waliokuwako. Wengine walikuwa wamekwenda vibaruani. Aliyebaki ndiye aliyebeba kitanda, godoro, mabati machache, vitabu vya shule na vyeti vya kuzaliwa, huku akihesabu watoto. Ndivyo ilivyo pia moto unapozuka katika nyumba zile za kushikamana. Basi neno la Biblia juu ya aliyekaa na vyombo si mfano tu kwa watu wa Kibera. Wamevishika vyombo vyenyewe mikononi mwao.

Najua kuna msikilizaji anayesema moyoni, Mchungaji, wengine wanakaa nyumbani kwa sababu ni wavivu. Haya, tufanye hesabu. Tuseme mama wa Kawangware amepata kazi ya kufua Lavington kwa shilingi mia tatu. Mtoto wake mchanga atamwacha kwa mmoja wa wale akina mama wanaolea watoto wa wengine kwa kutwa. Ana watoto wawili wasiofika umri wa shule, basi kila mmoja ni shilingi hamsini au zaidi. Ongeza uji wa kuwaachia, ongeza nauli mvua ikinyesha. Tena kazi ya kufua haipatikani kila siku. Wengine huketi kando ya barabara mpaka saa sita, wakarudi mikono mitupu, na aliyelea mtoto bado anadai. Mama huyo akiamua kubaki nyumbani mpaka watoto wakue kidogo, amekosa nini? Amefanya hesabu kama mfanyabiashara ye yote mwenye akili.

Na kuna wengine wasioweza hata kuifanya hesabu hiyo. Mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo, mtoto wa miaka saba asiyeweza kuketi wala kujilisha, hatampata kwa urahisi mtu wa kumlea kwa shilingi hamsini. Chekechea nyingi humkataa. Humbeba mgongoni mpaka kliniki ya mazoezi, na mtoto anazidi kuwa mzito kila mwaka. Nimeingia katika nyumba za namna hiyo. Mara nyingi baba amekwisha kuondoka. Na mara nyingi, ndugu zangu, kanisa halijui kama mama huyo ni mshirika wetu, kwa sababu Jumapili hawezi kuja. Matatu hazipendi kumpakia, na ibada ni ndefu. Nikisema watu mia mbili walibaki kijitoni, huyu ndiye wa kwanza ninayemwona.

Sasa sikilizeni jinsi tunavyowataja watu hawa. Ukimwuliza mtoto, mama yako anafanya kazi gani, atajibu, Hafanyi kazi, anakaa tu. Ukimwuliza mama mwenyewe, atainamisha uso aseme, Mimi niko nyumbani tu. Hilo neno dogo, tu, limeniudhi miaka mingi. Hata katika karatasi zetu za kujiandikisha kanisani kuna mstari wa kazi, na katibu wetu akisikia jibu hilo huandika, Hana. Ana watoto wanne, wagonjwa wawili na mitungi sita kwa siku, lakini kitabu cha kanisa kinasema hana.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilichunguza mwaka wa 2021 jinsi Wakenya wanavyotumia saa zao. Ilionekana kwamba mwanamke hutumia kama saa nne na nusu kila siku kwa kazi za nyumbani na za kutunza watu bila malipo, na mwanamume hutumia chini ya saa moja. Hesabu hiyo ni ya nchi nzima, wakiwemo walio na mfereji ndani ya nyumba. Mwenye kupanga foleni ya maji aongeze mwenyewe.

Nilisema nitawafikia akina baba. Kule Kawangware utakuta nyumba ambayo kazi ya mjengo imekwisha, mume amekaa miezi bila kibarua, na mke amepata kazi ya nyumba Lavington, ya mshahara wa mwezi. Ni nani abaki na mtoto? Mume mwenye busara hubaki. Humpikia mtoto uji, humfulia, humpeleka kliniki ya chanjo. Na mtaani humcheka. Husema amekaliwa. Akipita na beseni ya nguo, vijana hupiga mbinja. Wengine wamekimbilia pombe kwa sababu ya aibu hiyo, wala si kwa sababu ya uhaba wa fedha. Mwanamume wa namna hiyo nataka asome nabii Hosea, mlango wa 11. Hapo Mungu mwenyewe anajieleza kama mzazi aliyemfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikono, tena akijiinamisha kumlisha. Kama Mwenyezi Mungu hakuona haya kujilinganisha na mzazi anayelisha mtoto, fundi wa Kawangware asione haya.

Tena wanaume wengi walionja kazi hiyo mwaka wa 2020. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya Korona, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2021. Vibarua vilikatika. Baba, mama na watoto watano walikaa katika chumba kimoja kutwa. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwamba siku zile ndipo alipojua kwamba mchana una saa nyingi hivyo! Nilicheka, lakini nilifurahi kwamba amejua. Sikufurahi kusikia kwamba kazi zilipofunguliwa aliisahau habari hiyo kwa muda wa juma moja.

Labda wengine watasema kwamba mambo haya ni ya kanisani tu. La, hata mahakama zimeyazungumza. Zamani mke aliyedai mali baada ya ndoa kuvunjika aliulizwa, Ulilipa shilingi ngapi? Mwaka wa 2007, katika kesi ya Echaria, Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba kazi za nyumbani hazihesabiwi kuwa mchango wa kununua mali. Kisha ikaja Katiba ya 2010, isemayo kwamba mume na mke wana haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa, na ndoa ikivunjika. Mwaka wa 2013 Bunge likatunga Sheria ya Mali ya Ndoa, nayo ikataja waziwazi kwamba mchango si fedha peke yake. Kutunza nyumba, kulea watoto, kulima shamba, hata kuwa mwenzi wa mtu, yote ni mchango. Mwaka wa 2021 Jaji Teresia Matheka, katika Mahakama Kuu ya Nakuru, alieleza kwamba kulea watoto ni kazi ya kutwa ambayo watu huwalipa wengine kuifanya, na kwamba si haki kusema mke wa nyumbani hakuchangia kitu. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa huo hauna maana ya nusu kwa nusu bila kuuliza. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Kwa hiyo sheria ya nchi haijafika pale Daudi alipofika, ila imo njiani.

Mimi si wakili, na sitaki kuwafundisha watu kushtakiana. Naleta habari hii kwa sababu ya swali moja. Mama wa Gatwekera ataonyesha nini mbele ya jaji? Aliyenunua televisheni ana risiti. Aliyekesha na mtoto mwenye homa hana risiti. Mali yenyewe labda ni kitanda, jiko la gesi, na kipande cha shamba kule mashambani ambacho mume alinunua kwa mshahara ambao mke aliubana usiku na mchana ili ubaki. Mume akifa, ndugu zake huja na lori.

Na liko jambo zito zaidi, nalo linatuhusu sisi wa kanisa. Wengi katika mitaa hii wanaishi njoo-tukae. Hawakuandikisha ndoa, kwa sababu mahari haijaisha, au kwa sababu wanadhani harusi ni gauni, keki na magari. Basi mama huyo akienda mahakamani, kwanza ataulizwa kama yeye ni mke. Akija kanisani, katika makanisa mengine ataambiwa kwamba hawezi kuingia chama cha akina mama mpaka afunge ndoa. Hivyo yule mwenye haja kubwa ya dada wa kumsaidia ndiye anayefungiwa mlango wa dada. Sisemi tuidharau ndoa takatifu. Nasema tuirahisishe. Makanisa kadhaa yamefunga ndoa za watu wengi kwa siku moja, bila gharama, kwa chakula cha pamoja. Mbona yasifanye hivyo yote? Jumamosi moja kwa mwaka yatosha. Na kabla ya Jumamosi hiyo kufika, mama huyo na aketi nasi.

Wengine wanajua kwamba chama cha Mothers' Union kilianzishwa na Mary Sumner katika parokia ya Old Alresford, Uingereza, mwaka wa 1876. Alikuwa mke wa kasisi. Binti yake alipopata mtoto, alikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyolemewa na malezi alipokuwa kijana, akawaita akina mama wa parokia, matajiri na maskini pamoja, wasaidiane. Yasemekana siku ya kwanza alishikwa na woga asiweze kusema, akawaomba warudi juma lililofuata. Walirudi. Nalitaja jambo hili ili tukumbuke kwamba vyama vyetu vya akina mama, kabla ya sare na bendera na mikutano mikuu, vilikuwa ni wazazi waliochoka wakiketi pamoja.

Basi wazee wa kanisa wanaonisikiliza, Jumapili hii chukueni kitabu cha washirika. Pale palipoandikwa Hana, futeni, mwandike kazi anayoifanya mtu huyo: analea, anauguza, anatunza nyumba. Halafu tafuteni katika kila kijiji, Kianda, Mashimoni, Silanga, Kabiro, ni nani hajaonekana kwa sababu hana wa kumwachia mtoto. Mkimpata msimpelekee unga peke yake. Unga utakwisha Jumatano. Apelekewe mtu wa kukaa na mtoto saa mbili, kila juma, siku ile ile, ili mama aoge, alale, aende chamani, au akae kimya tu bila kuitwa. Vijana wa kwaya wanaweza. Akina baba wa chama cha wanaume wanaweza pia, nami ningependa sana kuwaona. Na siku ya kusoma majina ya waliotoa harambee, mwenye kusoma akumbuke kwamba bahasha yenye jina la baba ilijazwa na watu wawili.

Nawe mume utakayerudi leo jioni na shilingi mia tano, usiseme, Hizi ni zangu, nitakupa za chakula. Ziweke mezani, mzihesabu wawili. Ndivyo walivyofanya kijitoni.

Sitaki mtu aniulize kama nawaambia akina mama wote wakae nyumbani. Sikusema hivyo. Wale mia mbili hawakuamriwa kubaki, walichoka. Na siku nyingine labda wao ndio walioshuka vitani na wengine wakabaki. Mama mwenye kazi na aende na amani, na aliyebaki na abaki na heshima, wakabadilishane watoto wakikua.

Tuombe. Baba yetu uliye mbinguni, unamwona mama aliye katika foleni ya maji Lindi asubuhi hii, na mtoto wake analia. Unamwona baba wa Gatina anayekoroga uji na kufunga mlango ili asichekwe. Unamwona yule anayembeba mtoto asiyetembea, na mgongo wake unauma. Wape nguvu ya leo. Uwapelekee leo leo mtu wa kubisha hodi, na mtu huyo asiwe na haraka ya kuondoka. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.